Mama Kabula, Bwawa Bado Halijaisha Sumu

Tangu Jumapili watu wananiambia nikubali, na mimi nakataa. Mama Kabula wetu wa maabara tumemzika jana pale Nyahanga. Ni presha. Ijumaa tulikuwa wote kazini, ananifokea kwa kuacha chupa ya sampuli wazi.

Alikuwa mkali jamani, tusidanganyane.

Nilifika kwenye mtambo wetu wa kuchenjua dhahabu nikitokea Kishapu na D yangu ya kemia. Wiki ya kwanza tukapima sumu ya sayanaidi kwenye bwawa la maji machafu, kipimo kikasoma miligramu 80 kwa lita. Siku mbili baadaye, 40. Nikajitapa kwamba keshokutwa itakuwa imekwisha, ng'ombe wa majirani wanywe.

Mama Kabula alitoa michembe minane, vile viazi vikavu vyake, akaniambia kila baada ya saa moja nile nusu ya iliyobaki. Nikala minne, halafu miwili, halafu mmoja. Saa ya nne nikawa nang'ata nusu ya kipande huku maabara nzima wananicheka.

"Umeona, mdogo wangu? Kilichobaki ndicho kinaamua kiondoke kiasi gani. Kikipungua, na mwendo unapungua."

Kumbe ndiyo ile first-order reaction ya vitabuni, mmenyuko unaopungua kasi kadiri kinachobaki kinavyopungua; shuleni ilinipita kushoto. Nimekuja kuielewa kwa michembe.

Baadaye akanifundisha kuchora grafu. Ukichora kiasi kilichobaki siku hadi siku, mstari unapinda. Ukichora log yake, unanyooka. Siku uliponyooka kwa sampuli zangu mwenyewe nilimkumbatia, akalalamika nimemchafulia koti.

Sasa sikieni hili. Leo ni siku ya nne tangu tumwage maji machafu mapya bwawani, nayo yalianza na 80. Meneja kaniletea karatasi nisaini kwamba ni salama, geti lifunguliwe. Kiangazi kimewabana wafugaji na yeye ameshawaahidi. Hesabu yake ni ileile yangu ya kijinga: siku mbili inabaki nusu, siku nne imekwisha.

Nikapima. 20. Nikarudia. 20.

Sikusaini. Meneja kasema nitaandikiwa warning letter. Sawa, ije.

Nikaenda getini mwenyewe, maana Mama Kabula hakuwa mtu wa kutuma ujumbe. Mzee Masanja, mfugaji jirani yetu, alikuwa ameshafika na ng'ombe wake, ndimi nje. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba maji yale bado yanaua. Akaniuliza:

"Yule mama angesemaje?"

"Angesema bado, baba."

Akawageuza ng'ombe wote, akaondoka. Ni safari ndefu hadi kisima kingine, naijua. Hapo ndipo nililia, Mama Kabula. Msibani nilishindwa.

Keshokutwa napima tena, na keshokutwa yake, mpaka namba yenyewe iseme ni salama. Wakinifukuza, atakayekuja nitamwachia grafu yako ukutani na michembe kwenye droo.

Wabheja sana, asante kwa Kisukuma chetu, Mama Kabula. Pumzika, usiwaze huku. Geti nimelifunga kwa mkono wangu.