Sproketi ya Baba Yake

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye meza moja, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Hiyo ni heshima, na mimi niliishika tangu siku binti yangu alipoolewa. Binti yangu alipofariki, mkwe alimleta mtoto akiwa bado wa kunyonya, akamlaza mlangoni kwangu hapa karibu na Bumala, shuka limelowa mkojo, akapanda trela yake akaenda zake Malaba. Baada ya hapo heshima ikawa rahisi sana. Hata kama ningetaka kumtazama usoni, ningemtazama wapi?

Mtoto nikamlea mimi. Miguu yangu ilikufa na polio nikiwa mdogo, kwa hivyo nilimlea juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa na mikono. Siku hizo sisi walemavu ndio tuliokuwa malori ya mpaka wa Busia. Nilipakia sukari, nikapakia mafuta ya kupikia, na katikati ya katoni nikamkalisha msichana wangu, uso wake umeelekea mnyororo. Nilikuwa na mabega kama ya fahali, wanaume wakinipisha njia. Mtu asiniambie sijui mzigo ni nini.

Msichana akakua na macho yaleyale ya kutazama mnyororo. Shule yangu mimi iliishia darasa la tatu, yake nikaisukuma kwa mikono hii mpaka chuo cha ufundi. Akarudi anajua kuchomelea vyuma na kufungua injini. Uani kwangu, kati ya jikoni na banda la kuku, akaanza kuunganisha mabomba. Likatoka gari refu, jembamba, la kukaa mtu mmoja tena amelala chali.

Jirani, ambaye kama mjukuu wangu huniita Kukhu, yaani bibi, akaja kuchungulia. "Kukhu, mjukuu wako anakutengenezea jeneza?"

"Ni lako," nikamwambia. "Langu litakuwa pana."

Lilikuwa gari la mbio, lakini si za kufukuzana. Kulikuwa na mashindano yanakuja kwenye uwanja mdogo wa ndege, lami tupu iliyonyooka. Kila gari linakimbia peke yake, na mwishoni kuna mtambo wa kupima spidi. Mwenye spidi kubwa ndiye wa kwanza. Msichana wangu alitaka gari lililozaliwa uani kwangu, katikati ya kuku, liwashinde wote wenye injini ndogo. Hilo tu. Na mimi nililitaka kuliko yeye.

Lilikosa injini. Habari zikatembea na madereva, zikafika Malaba, na siku moja trela ikasimama barabarani, mkwe wangu akashuka na injini ya pikipiki kubwa imefungwa kwa gunia. Hata ubatizo wa mtoto hakuja. Sasa amesikia watu wanamtaja, amekumbuka ana damu.

Ningependa kusema msichana alimnunia. Alikimbia. Mtu mzima, ana mafuta mpaka kwenye viwiko, alikimbia kama kitoto kilichoona mandazi. "Baba!"

Nilikaa barazani nikatazama pembeni, kama inavyotakiwa.

Ubishi ulianza kwa sproketi, lile gurudumu la meno la nyuma linalovutwa na mnyororo. Msichana alinunua moja kubwa, mpya. Baba yake akaleta yake ndogo, nyepesi, inang'aa. Msichana alikuwa amenieleza mapema, akizungusha pedali za mkono za baiskeli yangu ili nielewe. Ndogo ina spidi zaidi kwa maneno, lakini ni nzito kwa injini. Kubwa ni nyepesi kuvuta. Injini ina mahali pake pa kulia kwa nguvu zote, alisema, na kazi ya sproketi ni kuifikisha pale. Ikiwa nzito mno haifiki, inabaki inakohoa njiani. Hayo niliyaelewa kwa mabega.

Baba akasema wajaribu. Na walijaribu vile watu wa barabara hii wanavyojua. Hapa kwetu mwenye baiskeli au pikipiki akitaka kufika haraka anajificha mgongoni mwa trela. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikitoka Busia na mzigo. Ukiingia pale nyuma, mikono inakuwa miepesi, unadhani umepona. Alfajiri ya Jumapili mkwe akatangulia na trela yake, haina mzigo, msichana akaja nyuma yake karibu kugusa. Na ile sproketi ndogo ikavuta. Injini ikalia mpaka kuku wangu wakapanda mti. Wakarudi wanacheka, wamekumbatiana mabega.

"Umeona?" mkwe akasema. "Tunabaki na hii."

Yeye alikuwa upande wa jikoni, amenipa mgongo. Mimi nilikuwa barazani. Jogoo alikuwa katikati, kwa hivyo nikamtuma yeye.

"Wewe jogoo, hebu uliza mgeni wako. Siku ya mashindano trela itakuwa mbele pia?"

Mkwe akamjibu jogoo huyohuyo. "Jogoo, ambia mama hii ni mambo ya injini. Si ya kuzungusha na mikono."

Msichana akacheka. Nilimeza hiyo.

Jioni, tukichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Kukhu, najua."

"Unajua nini?"

"Trela ilinikatia upepo. Nikiwa peke yangu ile ndogo haitavuta."

"Si basi uweke kubwa!"

"Hii amenipa yeye."

"Na ile umenunua wewe! Kwani yeye amekupa nini kingine, wewe mtoto?"

Akavunja bua la mboga. "Nikimwambia amekosea, ataenda."

Nilikuwa nimemlisha uji, nimemchania nywele, nimesukuma maisha yake kwenye kila kilima cha wilaya hii, na bado ndani yake kulikuwa na kiti kitupu ambacho makalio yangu hayakuweza kukijaza.

Siku yenyewe upepo wa ziwa uliamka mapema. Nilikaa kwenye baiskeli yangu karibu na kamba, kati ya akina mama waliotoka Butula kwa sala na vitafunio. Kila gari lilipewa nafasi mbili. Msichana akaingia ndani ya mabomba yake, akaondoka. Gia ya kwanza iliimba, ya pili ikaimba, ya tatu vilevile. Akaweka ya mwisho na sauti ikashuka. Ikashuka vile mtu anashuka magoti ukimwekea gunia la pili. Akakanyaga, injini ikakohoa, upepo ukamshika kifua, na alifika mwisho akiwa nyuma ya kibati kimoja, kigari cha vijana wa Amagoro kilichofungwa kwa waya.

"Petroli ni chafu," mkwe akasema alipovutwa kurudi. "Na wewe hukukanyaga."

Msichana hakubisha. Alipiga magoti nyuma ya gari, akatoa sproketi kubwa kwenye mkoba, akashika spana. Muda wa kubadilisha ulikuwepo. Kisha, kabla hajagusa nati, akainua macho kumwangalia baba yake. Yale macho. Mbwa wa kuomba mfupa ana macho yenye kiburi kuliko yale.

"Ukitoa hiyo," mkwe akasema, "mimi naondoka na injini yangu."

Hapo ndipo nilipozungusha baiskeli mpaka gurudumu likagusa kiatu chake.

"Wewe," nikasema. "Nitazame."

Akageuka upande. Nikageuka naye. Akina mama wakafunika midomo, mmoja akaita Yesu. Nilimtazama mkwe wangu machoni, macho yote mawili, mbele ya watu.

"Ulimwacha mlangoni kwangu amelowa. Leo unataka kumwacha tena kwa sababu ya kipande cha chuma. Nenda. Injini beba. Mtoto muache hapa, si umezoea?"

Aliyenijibu ni msichana wangu.

"Kukhu, nyamaza. Unamwaibisha baba."

Akarudisha sproketi kubwa kwenye mkoba. Akaingia garini na ile ndogo, akaenda mbio ya pili, na safari hii injini ilichoka mapema zaidi kwa sababu ilikuwa bado na moto wa ile ya kwanza. Alikuwa angali kule mwisho wa lami, gari limezima, wakati mkwe alipovuka kamba akaelekea trela yake. Hakungoja hata kuona kofia ikivuliwa.

Baadaye alituma vijana kuchukua injini. Akatuma na maneno ya wazee kwamba nimevunja heshima, natakiwa kutoa mbuzi wa kusafisha. Nikawajibu mbuzi yuko, amefungwa pale, aje mwenyewe amwombe kwa mdomo wake. Kanisani wengine hawanisalimii. Wasinisalimie. Ningemtazama tena, na kama Mungu angenipa jicho la tatu ningetumia na hilo.

Msichana sasa anachomelea mageti ya watu Bumala. Anarudi, ananipikia, ananisaidia kupanda kitandani, na mazungumzo yetu ni chumvi na mvua. Mabomba ya gari bado yako uani, kuku wanataga kwenye kiti. Sproketi kubwa inaning'inia msumarini jikoni. Haijawahi kuonja mnyororo.

Juzi nilimwona ameishika, anapitisha kidole kwenye meno yake.

"Kukhu," akasema, "kama ningeibadilisha siku ile..."

Nilikuwa nimelingoja swali hilo muda mrefu, nimeliandalia jibu kama mtu anayeweka akiba ya nyama. "Lingeenda," nikamkatiza. "Lingewashinda wote, na kile kibati cha Amagoro kingekula vumbi."

Akairudisha msumarini polepole.

"Sikuuliza gari," akasema, macho yake barabarani kule trela zinakopita.