Nemesia na Kabati la Taa

Nemesia Colque aliuza mikate sokoni katika mji wa Oruro, na kwa miaka tisa magamba meupe ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi, yalimtambaa mikononi, mgongoni, hadi kichwani. Hatimaye daktari akampa tiba mbili kwa pamoja: mafuta ya kupaka kila jioni, na kusimama mara tatu kwa wiki ndani ya kabati la taa za miale.

"Siku ya taa usipake kitu asubuhi," daktari alimwonya. "Ngozi ije tupu."

Lakini wifi yake Tomasa alikwisha kumtia hofu. "Utabanikwa kama nyama ya llama, wifi! Jua la huku mlimani tu linatubabua, sembuse hizo taa!"

Basi Nemesia akajikinga kwa siri. Kila asubuhi ya taa alijipaka mafuta mazito mwili mzima kama anayesiliba ukuta. Muuguzi Hortensia, kuona ngozi haibadiliki hata rangi, akawa anapandisha miale kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Magamba yakabaki palepale.

Wiki ya saba kopo la mafuta likaisha. Nemesia akaenda ngozi kavu, akavua, akavaa miwani nyeusi, akaingia. Mlango ukafungwa. Ndipo lilipomjia wazo: miale yote ile ilipimwa juu ya mafuta, si juu ya ngozi yake! Aseme, aumbuke? Anyamaze, aungue?

"Mama Nemesia, tayari?"

Nje kitufe cha kupanga muda kikalia.

"Usiwashe! Mwanangu, usiwashe! Nilikuwa najipaka!"

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Hortensia akamvuta nje ya kabati.

"Ningekuchoma, mama. Kwa mkono wangu huu! Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Sasa tunaogopa wawili. Haya, tunaanza chini kabisa."

Wakaanza upya, sekunde chache tu, mafuta yakibaki ya jioni. Nemesia alirudi ameduwaa, akijikagua kila saa kama ameota lengelenge. Hakukuwa na kitu. Mwezi wa pili magamba ya mgongoni yakaanza kupukutika, na ya mikononi yakafuata. Ya kichwani yaligoma.

Hofu nayo iligoma. Hadi siku ya mwisho, kila taa zilipovuma, Nemesia alihesabu sekunde kwa sauti kubwa, na Hortensia, mkono kitufeni, akamwitikia kutoka nje.