Mama Mkwe Aliponiombea Kazi Niliyokuwa Nayo

Mwanangu wa kwanza alikataa kikombe, akakataa kijiko, akakataa uji wa kila aina. Alitaka titi tu, na titi lilikuwa ofisini, kwenye ushirika wa wakulima wa mpunga hapa Kasongo, limekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Mtoto alikonda hadi mama mkwe wangu, niliyekuwa nikimwachia, akaogopa kumwogesha.

Nikamweleza shefu wetu. Akasema nije saa nitakayo, mradi barua na ripoti za juma ziishe. Sikuamini masikio yangu. Tangu lini mfanyakazi akajipangia saa? Nikawa naenda alasiri, mtoto akiwa ameshiba na kulala, na haukupita muda mashavu yake yakarudi. Nani kama mimi?

Nyumbani nilieleza jambo hili hadi nikachoka. Waliitikia kwa kichwa, kisha wakaangaliana. Kwetu, mtu wa ofisi anayeonekana uani asubuhi ama ni mgonjwa ama amefukuzwa, na mimi sikuwa mgonjwa. Jirani yetu Mwislamu aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, akanipa pole. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea, na mimi mjinga nikaitikia amina, nikidhani wanamwombea mtoto.

Kumbe mama mkwe alikuwa na lake. Siku moja alivaa kitenge cha sikukuu, akambeba jogoo wake wa pekee hadi ofisini kumpa shefu, akalia mbele ya wafanyakazi wote, akiuliza mama anayenyonyesha anafukuzwaje kazi. Shefu aliona aibu mpaka akakosa pa kutazama. Akaapa kwamba hakumfukuza mtu, na kwamba tangu siku hiyo hakuna tena atakayekuwa na saa zake peke yake.

Haya yote mama mkwe alinisimulia mwenyewe aliporudi, akitabasamu.

“Usiogope tena, mutoto wangu,” akasema. “Nimekuombea. Kesho utaingia asubui sawa na wenzako.”

Nilitaka kupiga kelele, nimuulize ni nani aliyemtuma, lakini macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kunililia, na jogoo mwingine hakuwa naye. Mtoto alikuwa kifuani pangu, ananyonya. Nikamwambia mama asante.