Tanki Yenye Kitovu

Apollinarie akikutana na Basile mu njia ya Kalundu, hatemi mate. Anameza. Anasema kumutemea mutu kama ule ni kupoteza mate, na jua ya Uvira inatukausha ya kutosha. Sasa ni miaka kumi na moja anameza vile. Basile anapita na kravati yake ya ushemasi, anainua mukono: "Mama Apolli, Bwana asifiwe!" Yeye anageuka anaangalia ziwa, kama vile kuko mutu alimuita kule ndani ya maji.

Zamani alikuwa na kazi, na kazi yake ilijulikana toka Kimanga mpaka Kavimvira. Alikuwa anatengeneza matanki. Siyo vibidoni vya kuchotea maji, hapana. Yale makubwa ya plastiki nyeupe, ya litri elfu moja, yenye kufungiwa mu kizimba ya vyuma. Inafika ku bandari imejaa mafuta ya mawese, ama dawa ya sabuni, ama vitu vyenye hata wabebaji hawajue jina. Ikianguka toka ku kamiyo ya mizigo ikapasuka, wenye nayo wanaiacha pale. Basile ndiye alikuwa anaisukuma na pusipusi mpaka mu lupango, mule uani kwa Apollinarie, na ikishapona anaipelekea wenye kuihitaji. Mu mutaa wenye robine inatoka maji mara moja kwa juma, nani haihitaji?

Alikuwa anatia kisu ya zamani mu mukaa mpaka iwe nyekundu, anakata kipande ku tanki yenye ilishakufa, anaiyeyusha juu ya ufa. Lakini kiraka ya inje peke yake, alisema, ni uongo wenye kupakwa mafuta. Lazima na ya ndani. Alipitisha mukono mu mudomo ya tanki mpaka ku bega, shavu ikabanwa ku plastiki, macho ikafungwa, akapapasa mule kama mukunga mwenye kutafuta miguu ya mutoto. Basile alijaribu siku moja, mukono ikakwama ku kiwiko. Wamama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Weye Basile, hiyo mukono iliumbwa ya kubeba ugali tu!"

Na tanki yenye ilibeba sumu, hiyo hakutengeneza. Aliichoma tundu katikati ya tumbo, kubwa kama kizibo ya chupa, kiisha akasema: "Huyu sasa iko na kitovu. Mwenye kitovu hanywishi watu." Mutaa muzima ulijua. Tanki yenye kitovu ni ya kukatwa, basi.

Ile mwaka alianza kumeza mate, ikaja tanki moja yenye kizimba ilipinda. Apollinarie akafunga pembe yake na sheni ya velo, munyororo ya baiskeli. Akainama kuchungulia ndani, akaona ukoko mweupe mu chini, akaweka tone ya maji, akagusa kidogo na kidole. Kidole ikawaka. Ni soda ya kutengeneza sabuni, ile yenye kula nyama ya mutu. Palepale akaipa kitovu. Lakini hakuikata siku ile, sababu shamba yake ya mupunga kule Luberizi ilikuwa inamungoja kuvuna, na mupunga haijue kungoja. Hiyo tu ndiyo kosa yake, na anaijua, hakuna mwenye atamufundisha.

Aliporudi, tanki haiko.

"Nilipeleka kwa wa mukaa, wale wafua vyuma, Mama," Basile akamuambia. "Kizimba yake watachomelea kitanda."

Akaamini.

Basile hakupeleka kwa wa mukaa. Alibandika kiraka ku kitovu, kwa inje, ikang'aa vizuri, kiisha akaipelekea Olga. Olga ni mudogo wa Apollinarie, walinyonya titi moja. Alikuwa anangoja tanki yake toka mwezi mbili. Aliona sheni ya velo, akajua ni kazi ya yaya wake, dada yake mukubwa, akafurahi, akajaza maji. Maji ya kwanza ilitoka ku robine ya chini, na Bénédicte, kitinda mimba wake, miaka sita, ndiye alikinga kikombe.

Alikaa siku ine ku hopitali. Koo ilikuwa kidonda.

Mu kilio ya mutoto Basile alisimama na mikono nyuma. "Minye ninabebaka tu. Kutengeneza ni mukono ya Mama." Apollinarie akapiga kelele: "Minye niliipa kitovu! Muitafute, muingize mukono!" Lakini wanaume wa ukoo walishaijaza mawe asubuhi na kuisukuma mu muto Mulongwe. Olga akamuangalia, hakusema "yaya". Akasema, "Mutoe ule mama hapa."

Toka ile siku ni "ule mama". Hakuna mwenye alimuletea tanki tena. Akafua nguo za watu mpaka vidole vikakataa. Ku maziko ya mama yao, yeye alisimama ku upande ya majirani, kama mutu alikuja kwa sababu ya wali. Kiisha mafuriko ya Mulongwe ikashuka na milima yote mu tumbo, ikafunika nyumba, ikafunika na ile tanki. Akasema, basi, hata mushahidi amezikwa.

Kiangazi hii wamama wenye kuchunga muchanga walikuwa wanachimba pale mutoni. Irambona, jirani yake, akakuja mbio na chekeche ku kichwa.

"Mama Apolli! Tumechimbua kizimba! Iko na sheni ya velo!"

Apollinarie akavaa kitenge polepole. "Muite Olga. Na muite shemasi. Minye sitagusa. Watasema niliroga."

Basile akafika na Biblia. Olga akafika akishikwa mukono na Irambona, sababu ugonjwa ya sukari ilishamula macho, na mukono yake ilikonda kama muti ya muhogo. Wakamusogeza karibu, wakatoa mawe, akapitisha mukono mu mudomo ya tanki mpaka ku bega, shavu juu ya plastiki. Alifanana na yaya wake, Mungu wangu.

Akapapasa. Mukono ikasimama.

"Huku kuko tundu," akasema. "Kidole inaingia." Na mukono ingine akatafuta kwa inje. "Huku kiraka. Ndani hakuna kitu." Akakaa vile, kidole mu kitovu. "Yaya anafungaka pande zote mbili."

Macho yote ikaenda kwa Basile. Basile akapanguza jasho.

"Ilikuwa njaa, wandugu. Nilidhani nimeiosha. Nilishatubu, Mungu alishanisamehe."

"Mungu hakunywa ile maji," Apollinarie akasema.

Ndiyo ilikuwa hukumu yote. Hakuna mwenye alimushika Basile. Alipanguza viatu, akaenda zake, na siku ya Mungu atakaa palepale mbele mu kanisa, watu watamupisha njia.

Olga akatoa mukono mu tanki, imejaa matope. Akainyoosha kule alisikia sauti.

"Yaya."

Ile neno ikamufikia Apollinarie kama nyama kwa mutu alishapoteza meno.

"Yaya, unipeleke nyumbani."

"Irambona alikuleta," Apollinarie akasema. "Irambona atakurudisha."

Akaomba mukaa kwa mama mwenye kuchoma mahindi, akatia kisu yake ndani, akapuliza mpaka ikawa nyekundu. Kiisha akapiga magoti mu muchanga akaanza kukata ile tanki, kipande kwa kipande, ndogondogo, hata kuku asipate cha kunywea. Olga alikuwa angali amesimama, mukono mbele.