Ndege Zilizotengenezwa Changamwe

Juzi binti yangu alikaa sebuleni na kichupa cha rangi ya kucha. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na alipokifungua tu, harufu ikanifuata huko huko hata nikaacha kukuna. Ni harufu kali, yenye utamu kidogo, ya kuwasha pua. Kwenu ni harufu ya urembo. Kwangu mimi ni harufu ya ndege za vita, na msinicheke kabla sijamaliza.

Babu yangu mzaa baba, Mzee Athmani, alikuwa fundi cherehani kule Magongo, sehemu ya Changamwe, Mombasa. Cherehani yake ilikaa barazani mwa nyumba yetu, na juu ya nyumba yetu ndiyo ilikuwa njia ya ndege zilizoleta watalii. Zilipita chini chini, bati zikatetemeka, na Bibi alikuwa na desturi ya kunyamaza katikati ya neno mpaka ipite, kisha huendelea pale pale alipoachia. Wageni walidhani ana maradhi. Babu aliinua uso akaitazama ile ndege kama mtu anayetazama nguo iliyoshonwa vibaya na fundi mwingine.

"Hizi za bati hazina utamu," husema. "Zetu zilikuwa za nguo."

Shangazi yangu Rukia, aliyekuwa bado hajaolewa, alikuwa akipaka rangi ya kucha kila Idi ikikaribia. Bibi humkaripia kwamba maji ya udhu hayafiki ukuchani, na kwamba mtoto wa watu hajipaki vidole kama mlango. Shangazi akakimbilia nyuma ya nyumba kujificha, lakini harufu haifichiki. Haukupita muda Babu naye huyoo, ameacha kanzu ya mteja chini ya sindano, anajifanya anatafuta bakora yake. Alimwinamia Shangazi, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Mwache kidogo, mke wangu," alimwambia Bibi. "Hii ndiyo dawa tuliyopaka ndege."

Na hapo mazungumzo huanza. Wakati wa vita vikuu, Babu akiwa kijana mwenye cherehani ya kuazima, alichukuliwa yeye na mafundi wenziwe wakapelekwa kiwanja cha ndege cha Port Reitz, hicho hicho cha watalii wa siku hizi, kwa miguu si mbali na kwetu. Kulikuwa na ndege ndogo za kufundishia marubani, za watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Mbavu zake zilikuwa za mbao, na juu ya mbavu zilivikwa kitambaa cha kitani. Kitambaa kilishonwa ubavu kwa ubavu kwa sindano ndefu ya kushonea godoro, na kila mshono ukafungwa fundo, ili mmoja ukikatika mwengine usifumuke. Kisha kikapakwa ile dawa yenye harufu. Ilipokauka kitambaa kilikaza, ukikigonga kwa kidole kikalia kama ngoma.

Nilipenda zaidi habari za wale wanafunzi wa kizungu. "Kuruka wakijua," Babu alisema, "kutua ndiko kulikowashinda. Huyu kenda kutua katika mihogo ya watu, yule katika boma la ng'ombe!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu, Bibi akicheka kuliko sisi ijapokuwa alikwisha kuisikia tangu alipokuwa bibi harusi. Nilimwuliza Babu mara nyingi wale vijana waliumia au hawakuumia. Habari za ndege zenyewe baada ya hapo sikuuliza kamwe.

Babu alinishonea mkoba wa shule wa turubai kwa mshono ule ule wa ndege, wenye mafundo. Watoto wengine mikoba yao ilipasuka kabla ya muhula kwisha. Mimi nilikuwa nikiutumia wangu kukalia, kuburutia, na kupigana.

Basi mwaka nilipokuwa darasa la tano, miaka ya themanini ikielekea mwisho, Mwalimu Mwikali alitufundisha somo la viwanda. Alikuwa mama mpole kutoka bara, ambaye Kiswahili chetu kilimfurahisha na mara nyingine kikimtatiza. Akatuambia tutaje vitu vinavyotengenezwa Changamwe. Mmoja akataja mafuta, mwengine mabati, mwengine sabuni. Nikanyoosha mkono mpaka nikasimama.

"Ndege za vita, Mwalimu. Zile za kufundishia."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Kuchekwa nilishazoea, maana meno yangu ya mbele yalitangulia kufika kila mahali. Lakini kijana mmoja aitwaye Charo, ambaye babake alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanjani, alisimama akasema, "Mwalimu, baba yangu yu ndani ya uwanja siku zote. Hakuna kiwanda cha ndege. Nani kakwambia wewe?"

"Babu yangu. Alizitengeneza yeye."

"Basi babuyo ni mwongo."

Mwalimu Mwikali alimkanya vikali. Mzee haitwi mwongo, akasema, na kama tunataka kujua, njia ni kwenda kumwuliza mwenyewe kwa adabu. Yeye alikuwa akipita Magongo kila jioni kwenda kwake, kwa hiyo kesho baada ya masomo anayetaka afuatane naye.

Sikulala vizuri, na wala sikula mbaazi zangu asubuhi, jambo ambalo nyumbani kwetu lilihesabiwa kuwa homa. Mnielewe: sikuogopa kuchekwa tena. Niliogopa kwa sababu Charo alikuwa amesema kweli. Mimi pia nilikuwa nimekwenda uwanjani mara nyingi kutazama watalii, na kiwanda sikukiona, wala gofu lake. Nilimpenda Babu kuliko mtu yeyote duniani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunijia shaka kwamba huenda ananidanganya. Mara kadhaa nilimkaribia barazani nimwulize, nikaishia kumwokotea vifungo.

Jioni ya pili yake walikuja, Mwalimu mbele na kundi la watoto nyuma, Charo akiwa katikati yao amechomekea shati. "Shikamoo Babu!" wakaamkia kwa pamoja kama wako gwarideni.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni. Mwalimu, kaa kitini, usikae mkekani utachafua nguo."

Bibi alileta jagi la maji ya ukwaju. Babu alifurahi mno kwa ugeni ule, akadhani wamekuja kushonesha sare. Mimi nilisimama mlangoni nimeukumbatia mkoba wangu kifuani, nikiomba dunia ipasuke.

Charo hakungoja maji. "Babu," akasema, "ati zile ndege za vita za kufundishia marubani zilitengenezwa wapi?"

Babu akafungua kinywa, na wakati huo huo ndege ikaja. Lilikuwa dege kubwa la watalii, linapita juu ya bati zetu kwa ngurumo, na hakuna aliyeweza kusema wala kusikia. Bibi alisimama na jagi limeinama, maji hayajamwagika gilasini. Babu safari hiyo hakuinua uso kuitazama. Aliwatazama wale watoto, akamtazama Charo, kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda, na mkoba wangu, na namna nilivyoubana. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi.

Ndege ikapita. Bibi akamimina.

"Zilitengenezwa hapa hapa, mwanangu," Babu akasema. "Pale Port Reitz. Kwa mikono hii."

Roho yangu ilirudi mahali pake. Mwalimu Mwikali aliinamisha uso kwenye gilasi yake, akanywa kidogo, kisha akauliza kwa heshima, "Ulizitengeneza vipi, Mzee?"

"Ndoo hapa, mjukuu wangu, na huo mkoba," Babu akaniambia. Akauweka mapajani, akawaonyesha mafundo, akaagiza sindano ya godoro. "Wewe hodari," akamwambia Charo, "nitungie uzi. Mato yangu hayaoni tena." Charo akatunga uzi ulimi nje. Babu akashona kipande cha turubai mbele yao, fundo baada ya fundo, akampa Charo akivute. Charo akavuta kwa mikono, akavuta kwa meno, akakanyaga akavuta.

"Haki ya Mungu, haung'oki!" akasema.

Wiki ile ile alirudi peke yake, mnyonge kweli kweli, kuuliza kama Babu angeweza kumshonea mkoba wa ndege na yeye. Babu akamshonea. Tukawa marafiki mimi na Charo, na ni rafiki yangu mpaka leo.

Babu alifariki nikiwa sekondari, kwa uzee, usingizini, na kipimio chake shingoni. Mwaka uliofuata nilikuta kitabu cha habari za ndege katika maktaba ya shule. Ndege za Babu zilikuwamo, na picha zake, watu wawili mmoja nyuma ya mwingine, mbao na kitambaa. Kitabu kilieleza zilikotengenezwa: viwanda vya Uingereza, vingine Kanada, vingine Australia. Nilitafuta Port Reitz mpaka nyuma ya jalada. Kisha nikakifunga.

Nikamsamehe. Nilijiambia kwamba mzee alimwona mjukuu wake anaaibika, akasema uongo mdogo kumsitiri, na ni nani asingefanya hivyo. Lakini tangu siku hiyo kila nilipowasimulia watoto wangu habari za Babu, niliwapa Bibi na jagi lake, mihogo na rangi ya kucha, na swali la Charo nikaliruka.

Cherehani ya Babu niliirithi mimi. Mwaka jana ilianza kukata uzi, nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi hapo Changamwe. Akaigeuza, akaichungulia, akauliza, "Mama, hii ilitengenezwa wapi?"

"Uingereza," nikamjibu kwa kujivuna. "Tazama, maandishi yake haya hapa."

Kijana akatabasamu kwa adabu. "La, mama, siulizi kiwanda. Nauliza mara ya mwisho ilipoharibika, ilitengenezwa wapi? Aliyeitengeneza kafunga hii skrubu kinyume."

Niliduwaa pale mbele yake mpaka akanivutia kigoda. Moyoni nilikuwa nimeiona ile mihogo. Nimeliona boma la ng'ombe, na vijana walioshindwa kutua, na zile ndege zimeraruka mbavu wazi zikikokotwa kurudi kiwanjani. Na Babu na wenziwe wamekaa na sindano zao za godoro wakizingoja. Aliulizwa zilitengenezwa wapi, na katika lugha yake aliyozaliwa nayo akajibu kweli tupu, kweli ambayo iliweza kunifunika na mimi. Ndiyo maana alifuta miwani. Nadhani hata Mwalimu Mwikali alielewa, kule ndani ya gilasi yake.

Miaka yote ile nilijiona mwema kwa kumsamehe Babu, na kumbe nilimsamehe mtu asiye na kosa.

Kwa hiyo juzi niliiacha mbuzi ya nazi, nikaenda sebuleni, nikamwinamia binti yangu nikavuta pumzi. Akaniona nimerukwa na akili. Nikakaa kitako nikamsimulia yote tangu mwanzo, na nilipofika pale nilipozoea kuruka, sikuruka. Alisikiliza vidole vimetanuliwa hewani, vinakauka.

"Sasa, Mama, kweli zilitengenezwa wapi?" akauliza.

"Hapa hapa," nikamwambia. "Kwa mikono ya babu yangu."