Niliukalia Ujumbe wa Mdogo Wangu

Nimekosa mimi, wala simsingizii shetani. Nimemharibia mdogo wangu kwa mkono huu huu unaoandika.

Nauza samaki hapa Kismayu, kutwa mikono imo kwenye barafu. Mdogo wangu anafundisha watoto kisiwani Koyama, na kwa simu yake yenye ufa alijisomea habari za kompyuta za kwanta alizozipakua mjini. Akija mjini wageni hujaa ukumbini, mama humwambia, "Hebu waeleze!"

Siku moja alichota barafu kwenye boksi langu. "Hii ya dada ni moto! Chuma cha mashine ile hupozwa kupita hivi, kupita mno, mpaka umeme unapita ndani yake bila kupingwa na chochote. Kompyuta zetu hizi hushika sifuri au moja. Ile hubeba zote mbili kwa pamoja, mpaka uipime, ndipo inakupa jibu. Joto kidogo tu likiingia, hesabu imeharibika."

"Mchu huyu ana kichwa!" mama akashangilia, yaani mtu huyu ana akili. Na mimi niliyembeba mgongoni, hata chai sikumiminiwa! Wallahi, nilimwonea wivu.

Akaomba kwenda kusoma ng'ambo. Mtandao wa Koyama haushikiki, akaandika nambari yangu. Ndivyo tulivyo: habari ikifika Kismayu, unampa nahodha wa boti kwa mdomo, naye anaifikisha.

Ujumbe ukaja: wamemkubali, athibitishe ndani ya siku tatu. Nikausoma. Nahodha akapita, "Hakuna salamu za Koyama?" Nikasema hakuna. Kesho yake, hakuna. Ya tatu, hakuna!

Juma lililofuata akaja mwenyewe, na ng'onda ya samaki aliyonikaushia mimi. Akaomba simu, akatazama.

"Dada, kumbe ulikwisha kuufungua."

Hakulia. Aliniachia ng'onda yangu, akarudi bandarini. Niliwaandikia wale watu, nikawasihi. Nafasi ameshapewa mwengine.

Mama hajui hadi leo, mdogo wangu amenisitiri. Hilo ndilo linaloniua!

Sasa mimi ndiye ninayemkimbilia nahodha. "Hakuna salamu zangu?" Naye hunijibu, "Hakuna."

Wewe uliyeshika habari ya mwenzio na roho inakuuma, ifikishe leo, boti haijaondoka. Mimi barafu yangu ninayo, ila sina tena wa kunambia kuwa ni moto.