Mtu Asiyekula Samaki

Kama umewahi kununua mchele Viwanja Sitini, pale Ifakara, kwenye ile nyumba yenye mlango wa bluu, basi Verediana unamfahamu: mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu barabarani na mkono usio mzito kumwongezea mteja mwenye watoto. Jambo moja majirani wote walilijua. Nyumbani kwake samaki haingii. Si perege, si kambale, hata dagaa wa kuungia mboga. Ajabu yake ni kwamba Verediana ni binti wa mvuvi. Baba yake, marehemu mzee Silvano, alivua mto Kilombero mpaka magoti yalipomkatalia, na bintiye alikua kwa samaki kama watoto wengine wanavyokua kwa uji.

Kilichowafukuza samaki ni ndoa. Siku Beatus, kijana wa kutoka upande wa Mahenge, alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliwekewa ugali na kambale. Akarudisha mikono nyuma, akasema kwa adabu kwamba yeye hali samaki, hata harufu yake inamchafua tumbo. Watu wakatazamana. Kuku akakamatwa haraka haraka. Tangu hapo Verediana akaapa kwamba tumbo la mumewe halitapata shida mikononi mwake, na kiapo hicho alikishika kuliko wengine wanavyovishika vya kanisani.

Mwaka huu ndoa ilitimiza miaka ishirini na tano. Ikasomwa misa ya jubilei, wakalishana keki, kisha binti yao Aurelia, muuguzi huko Dodoma, akatangaza zawadi yake na wadogo zake: siku nne kwenye hoteli ya ufukweni, huko mbele ya Kigamboni, kula, kunywa na kulala vyote vimeshalipiwa. Vigelegele vikapasua ukumbi. Verediana alilia. Kila msimu wa kilimo Beatus huhamia kwenye kibanda cha shamba, kupita Namawala, akakaa huko miezi, na yeye hubaki mjini na biashara. Alichokitaka kwenye safari ile kilikuwa kimoja tu: kumpata mumewe ametulia, wafahamiane upya kabla uzee haujawakuta.

Basi, hiyo hoteli! Kijana wa mapokezi, umri wa mwanawe wa mwisho, hakumwamkia wala nini. Alimshika mkono akamfunga kamba nyekundu ya plastiki, kama ng'ombe wa mnadani. Chumba kilinuka unyevu na kiyoyozi kilidondosha maji juu ya mto. Bwawa la kuogelea lilikuwa limegeuka kijani, limezungushiwa utepe. Kwenye simu ya Aurelia walionyeshwa bahari ya bluu. Walipofungua dirisha, bahari ilikuwa imeondoka, imeacha tope na majani yanayooza. Watu wazima na akili zao walilala juani nusu uchi, na Verediana, asiyejua aangalie wapi, aliangalia miguu yake siku nzima.

Na wali! Punje ndefu, kavu, hazina harufu yoyote. Aliuinamia akaunusa, akamgeukia mumewe.

"Baba Aurelia, huu nao ni mchele?"

"Kula tu, Mama Aurelia. Umelipiwa."

Yote hayo aliyameza. Alijiambia hakuja kwa ajili ya wali.

Siku ya pili mchana, chakula kilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu ajipakulie. Verediana akachukua maharage na mchicha kwa mazoea, akatangulia kukaa. Beatus akakawia. Alipokuja, sahani yake ilikuwa na changu wawili wa kukaanga, wazima, vichwa kwa mikia.

Kwanza alidhani mumewe kakosea. "Baba Aurelia, hao ni samaki."

"Nimeona. Wapo tu pale, nikasema nionje."

Kuonja, eti. Verediana akaiangalia ile mikono. Beatus alimpasua changu mgongoni kwa kidole gumba, akauinua mfupa wote toka mkiani mpaka shingoni, haukubaki hata mwiba. Kisha akakivunja kichwa, akafyonza jicho, akatema kipunje cheupe kando ya sahani. Wala hakuwa anatazama anachokifanya. Alikuwa anatazama televisheni. Hapo huwezi kumdanganya mtoto wa mvuvi. Mikono ile ilikuwa na samaki wengi nyuma yake.

Akaweka kijiko chini. Wazo la kwanza likaja limevaa kanga: yupo mwanamke huko Namawala, ana kikaango chake, anampikia mume wa mtu msimu mzima.

"Beatus," akaita. Hakuwahi kumwita hivyo tangu Aurelia azaliwe, na Beatus akaacha kutafuna. "Nani anakupikia samaki shambani?"

"Nani anipikie? Napika mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Mama Aurelia, watu wanatuangalia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na tumbo?"

"Tumbo halina shida."

"Na maharage ninayokufungashia kila msimu?"

Beatus akafuta vidole. "Nabadilishana na wavuvi," akasema kwa sauti ndogo.

Angesema mwanamke, Verediana angejua pa kuanzia. Angeita wazee, angepanda bodaboda hadi Namawala akamwage masufuria ya watu. Lakini hili! Akamuuliza kwa nini, na Beatus, mtu mzima wa jubilei, akaijibu ile mifupa.

"Siku ile ya kujitambulisha nilitaka tu nionekane mtu wa heshima, si wa kuparamia kila anachowekewa. Sikujua watachinja kuku. Halafu kila nikija kwenu, kuku. Sasa ningesemaje?"

"Kuku," Verediana akasema.

Akamkumbuka baba yake. Aurelia akiwa bado mchanga, mzee Silvano alikuja kumwona mjukuu, amepiga baiskeli toka mtoni, nyuma kafunga tenga la perege wabichi. Verediana alimkimbilia, akamzuia uani. "Baba, nisamehe, mwenzangu harufu inamsumbua." Mzee aligeuza baiskeli, akaenda sokoni akawauza, jioni akarudi na kuku kwa ajili ya mkwe. Hakuleta tena samaki mpaka anazikwa, wala hakuwahi kula samaki wake ndani ya nyumba ya mwanawe.

"Siku baba alipokuja na tenga, ulikuwa wapi?"

Beatus hakuuliza siku gani, na hilo lilimchoma kuliko yote.

"Nilikuwa barazani."

"Ulituona?"

"Niliwaona."

"Na kuku ukala."

"Nikala."

Mhudumu akapita akitabasamu, akauliza kama wameridhika na chakula.

Siku zilizobaki Verediana alizikaa kwenye kiti cha plastiki. Bahari ilirudi, ikaondoka, ikarudi. Machozi hayakuja, alikuwa ameduwaa tu, kila akimtazama yule mwanaume anamwona mgeni aliyefungwa kamba nyekundu kama yake.

Waliposhuka stendi ya Ifakara, alimpakia Beatus kwenye bajaji na mabegi, yeye akaenda sokoni. Majirani waliokuwa wanangoja habari za hoteli wakapata harufu kwanza. Digna, wa nyumba ya pili, alikuja mbio mpaka mlangoni.

"Mama Aurelia! Kwako leo samaki?"

"Samaki. Perege."

"Na Baba Aurelia je?"

"Baba Aurelia hali samaki. Kwani hamjui?"

Mbele ya mumewe akaweka bakuli la maharage. Beatus akaliangalia, akawaangalia perege, akafungua mdomo. Digna bado alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri kusikia. Beatus akafunga mdomo, akalivuta bakuli.

Verediana akamchukua perege mkubwa, akamtia kidole mgongoni ili auinue mfupa kama alivyofundishwa utotoni. Mfupa ukakatika katikati. Mikono ilikuwa imesahau. Mwiba ukamwingia kidoleni, na hapo ndipo alipomlilia baba yake.